Mtu Asiyebeba Salamu

Ukiagana na jirani yangu Sajini ukamwambia, kama wasemavyo watu wote waliolelewa, "Haya, nisalimie nyumbani," hakujibu kwamba zimefika. Alisimama, akakutazama bila ukali, kisha akasema: "Nyumbani kwangu ni pale, mlango uko wazi. Nenda ukawasalimie mwenyewe."

Mwanzoni tulidhani ni utani wa kijeshi. Ulipozidi, watu wa mtaa wetu wa Njiro wakaanza kuuita kiburi. Mke wangu ametoka Machame, na kwao salamu ni nusu ya dini. Alikasirika juma zima. "Salamu nayo ni gunia la mahindi, hata mtu aseme haibebi?" aliniuliza. Jibu nilikuja kulipata baada ya miaka mingi ya ujirani, na ndilo ninalotaka kuliandika hapa kwa utaratibu, kabla halijaharibiwa na wasemaji.

Tarehe ya kuzaliwa kwake, ukoo wake na shule alizosoma sitavigusa. Hayo yatasomwa siku ya mazishi yake, na yatakosewa, kama yanavyokosewa katika wasifu wa marehemu wote niliowahi kuusikiliza. Mimi nilikuwa ofisa wa itifaki mkoani mpaka nilipostaafu. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kwamba mtu anatajwa kwa cheo chake, anakaa katika kiti chake, na anasema lililo lake. Ni kazi inayodharauliwa na kila mtu mpaka siku inapofanywa vibaya.

Naanza na masahihisho. Kuhusu Sajini, mji huu wa Arusha umeeneza uongo wa aina mbili. Wa kwanza husemwa kwenye mabanda ya nyama choma: kwamba askari wetu waliokwenda kulinda amani katika nchi za watu walikwenda kula dola. "Sajini, za Kongo zimeisha? Mbona bado unatembea kwa miguu?" Nimeyasikia haya kwa masikio yangu, yakisemwa na watu ambao hawajawahi kulinda hata banda la kuku. Uongo wa pili husemwa majukwaani na hupigiwa makofi: kwamba walikwenda, wakaleta amani, wakarudi.

Ukweli ni huu. Alikwenda Darfur, na baadaye mashariki ya Kongo, katika vikosi vilivyotumwa na nchi hii vikavaa kofia za buluu. Alikuwa sajini, si koplo kama gazeti moja lilivyoandika. Amani hakuiacha huko, kwa sababu hakuikuta. Na hizo dola zilijenga nyumba ndogo ambayo paa lake linavuja upande wa jikoni. Baadhi ya wenzake walirudi ndani ya masanduku yaliyofunikwa bendera. Siku kama hizo nchi nzima husimama kimya kwa dakika moja, kisha hukaa. Nimechoka na uongo wote huo, na nadhani yeye alichoka nao kabla yangu.

Nyumba yake ilikuwa ya pekee mtaani kwa kukosa geti. Sisi wengine tuna kuta zenye vipande vya chupa juu yake, na mageti ya chuma ambayo mgeni huyapigia honi mpaka betri inaisha. Yeye alikuwa na ua wa michongoma uliokatwa kwa unadhifu, na pengo katikati. Katika mkutano wa mtaa mwenyekiti alimkabili mbele yetu sote.

"Sajini, vibaka wanapitia kwako."

"Wanapita. Hawakai."

"Weka geti, mzee wangu. Hata la mbao."

"Getini nimekaa vya kutosha, mwenyekiti. Sitaki kuwa na la kwangu."

Watu walicheka. Mama mmoja nyuma yangu alisema kwamba mwanajeshi anayeogopa geti ni sawa na daktari anayeogopa sindano. Sajini akamgeukia kwa adabu. "Mama, daktari wa namna hiyo mtafute. Ndiye anayejua kwamba inachoma." Mwenyekiti akafunga mkutano kwa sala, na geti halikuwekwa.

Mtu asije akadhani alikuwa bubu au mwenye huzuni ya kujionyesha. Alipenda mazungumzo kuliko chakula. Kila mwisho wa juma alishuka Levolosi kwa kinyozi mmoja, Mrangi wa Kondoa, ingawa kichwani hakuwa na nywele za kumpa mtu kazi. Alikwenda kusema uongo. Uongo wake ulihusu nyati mmoja wa Momela, ambaye eti alikuwa akitoka hifadhini, anaingia shambani kwa mama yake, anakula maharage, kisha anasimama mlangoni kana kwamba anangoja chai.

"Wewe Sajini," kinyozi alimwambia siku moja nikiwa kitini na sabuni shingoni, "juma lililopita alikuwa nyati mmoja. Leo ni wawili?"

"Ameoa."

"Ameoa nani?"

"Umeniuliza idadi, hukuniuliza ukoo. Nyoa, mzee wa watu anapata baridi."

Kwa hiyo tusimfanye mtakatifu. Katika habari za nyati alikuwa mwongo mkubwa, na alifurahia kukamatwa. Lakini mtu huyohuyo, akikuahidi jambo lake yeye, ungejuta kuahidiwa. Alimwambia mke wangu kwamba angekuja Jumamosi kutengeneza bawaba ya mlango wetu wa jikoni. Jumamosi hiyo ilikuwa sherehe ya kipaimara cha mwanangu Godlisten. Tulikuwa na maturubai, wageni na mchungaji. Mchungaji alipoinua mikono abariki chakula, tukasikia nyundo. Sajini alikuwa amepiga magoti kati ya masufuria, misumari mdomoni. Nilimwendea nikamwomba kwa heshima aje kesho. Alitoa misumari. "Nilisema leo," akajibu, akaendelea. Baraka ilisomwa kwa kukatizwa, na ile bawaba haijalegea hadi leo.

Mkewe, muuguzi mstaafu mwenye ulimi usiozunguka, ndiye aliyenidokeza kwanza kwamba mambo haya mawili yana shina moja. Nilikuwa nimelalamika kuhusu salamu.

"Shemeji, wewe unashangaa salamu?" akasema. "Huyu tangu arudi Kongo hajawaambia watoto wake 'laleni salama'. Anawaambia 'nendeni mkalale'. Mwanzo nilidhani ni amri za kambini. Nikamwuliza. Akaniambia, 'Wakalale. Kama ni salama, mimi sijui.'"

Habari yenyewe alinipa vipande vipande, majira ya baridi, mwezi wa saba, tukiwa barazani kwangu tumevaa makoti na Meru imejifunika mawingu mpaka mabegani. Nimeipanga mimi, yeye aliitoa ikiwa imevunjika.

Kambi yao ilikuwa nje ya mji mdogo chini ya milima. Walikuwamo askari wa mataifa kadhaa. Wengi wao waliongea na wenyeji kwa ishara au kwa wakalimani. Wetu walizungumza Kiswahili, na Kiswahili ni cha wale watu pia, ingawa wao wanasema "aksanti" na wanakikata mahali sisi tusipokata. Naomba hili liandikwe, maana sijalisikia katika hotuba yoyote: mataifa mengine yalileta helikopta na magari ya deraya, sisi, pamoja na bunduki zetu, tulileta masikio. Na masikio hayazimwi. "Wenzetu walipita katikati ya vilio kama unavyopita katikati ya mvua," aliniambia Sajini. "Sisi tulikuwa tunasikia mvua inasema nini."

Mkuu wa kambi, mtu wa nchi ya mbali, alimfanya Sajini kuwa mdomo wake. Alasiri moja ikaenea habari kwamba waasi wanateremka. Watu wakajaa getini na magodoro, masufuria na mbuzi, wakiomba kuingia. Mkuu akampa Sajini kipaza sauti na sentensi moja: waambie kikosi hakiondoki, warudi makwao.

"Sasa angalia nilichofanya," alisema. "Yule bwana alinipa sentensi kavu kama mfupa. Mimi nikaitia nyama. Nikawaambia, ndugu zetu, sisi ni majirani zenu, ziwa moja tu ndilo linalotutenga. Hatuendi popote. Rudini nyumbani, laleni salama."

"Ulisema vizuri," nikamjibu, maana ndivyo nilivyoona.

"Nilisema vizuri mno. Ndiyo shida. Walipiga makofi, Bwana Itifaki. Bibi mmoja alisema, 'Aksanti, mutoto wangu,' akajitwika godoro lake akarudi. Angeambiwa na mkalimani kwa ile sauti yao ya kusoma, angetia shaka. Angekaa palepale kwenye ukuta wetu. Lakini aliambiwa na mtu mwenye sauti ya mpwa wake."

Juma halikuisha, amri ikaja ya kuhamia eneo jingine. Nasisitiza: ilikuwa amri halali, iliyotoka juu, na hakuna askari wetu aliyekimbia. Msafara ulipita katikati ya mji asubuhi kweupe. Watu walisimama kando ya barabara, kimya. Hakuna aliyerusha jiwe. "Bora wangerusha," alisema. Baada ya hapo waasi wakaingia mjini.

Nilimwuliza kuhusu yule bibi.

"Sijui. Wa kwetu waliokufa walirudi na majina yao, tukawazika, ndugu zao wakalia. Yule hata jina sina. Nina godoro tu, la maua mekundu."

Kisha akanipa lile jibu nililokuwa nikilitafuta kwa ajili ya mke wangu. "Tangu hapo neno la mtu mwingine halipiti mdomoni mwangu. Hata salamu. Salamu nayo ni dhamana: unamwambia mtu kwamba fulani anamkumbuka. Wewe umejuaje kama anamkumbuka?"

Nilimweleza kwa lugha ya kazi yangu. Nilimwambia kwamba katika utaratibu wote wa kiserikali, neno ni la aliyetuma. Aliyetumwa hana lawama. Alicheka kidogo, kwa uchovu. "Aliyetuma hakuonekana, rafiki yangu. Alikuwa ofisini. Sura waliyoiona ni hii." Akajigusa shavu.

Ndiyo sababu nilikasirika, na bado nimekasirika, kwa yaliyotokea siku ya kuwaenzi walinda amani. Sherehe ilifanyika hapa mjini, uwanjani, chini ya mahema. Mimi nilikuwa mwalikwa tu. Nilimkuta Sajini ameketishwa safu ya tatu, nyuma ya wafadhili wa maji ya chupa. Nilikwenda kwa kijana wa kamati kumweleza kwamba mwenye siku haketi nyuma ya mwenye maji. Akanishika bega. "Mzee wangu, tulia. Ni shughuli tu." Shughuli tu! Kwa kauli hiyo ndivyo nchi inavyoendeshwa.

Baadaye wakamwita mbele na kumpa karatasi asome. Iliandikwa kwamba yeye na wenzake walirudi wakiwa wameacha amani ya kudumu na tabasamu kwenye nyuso za akina mama. Aliisoma kimoyomoyo mpaka mwisho. Kipaza sauti kilikuwa kimeshawashwa, kwa hiyo uwanja mzima ulisikia.

"Haya maneno ni ya nani?"

"Ya kamati, Sajini," mshereheshaji akajibu.

"Basi kamati isome."

Akairudisha karatasi kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha sahani ya jirani, akaenda kuketi. Mshereheshaji akatangaza kwamba shujaa wetu anaona haya, ngoma zikapigwa. Kuna watu waliocheka. Mimi niliondoka kabla ya chakula, na katika utumishi wangu wote sikuwahi kuondoka kabla ya chakula.

Naja sasa kwenye siku ambayo mimi mwenyewe nilimtaka abebe neno.

Godlisten, yule wa kipaimara, alikuwa mtu mzima na amepata mchumba, Aneth, mwalimu, binti wa familia ya Wameru walio na mashamba upande wa Momela. Desturi inataka mshenga, na baba wa kijana habanduki nyumbani siku ya kwanza ya posa. Familia ya binti ilituma ujumbe mapema: wasiletewe msemaji wa kukodi mwenye maneno ya asali. "Mje na yule Sajini wa kwetu," walisema, maana shamba la mama yake liko hukohuko. "Yule asiyebeba maneno ya watu. Akiyabeba, tutayasikiliza." Kukataa kwake kote kule kulikuwa kumempa ulimi wenye thamani kuliko wa mtu yeyote mlimani, na yeye hakuutaka.

Nilikwenda kwake nikiwa nimevaa tai.

"Hapana," alisema kabla sijaketi.

"Sajini, ni mtoto wangu. Umemwona akikua."

"Ndiyo maana nakataa mapema. Nikianza kukusikiliza nitakuhurumia."

Mkewe alikuwa anachambua mchele mlangoni. "Mdomo huo utamwachia nani urithi?" akasema bila kuinua macho. "Huyu si yule mkuu wako. Huyu ni jirani. Akidanganya, tunajua anakolala."

Sajini aliinama akaokota punje zilizodondoka. Kisha akasema kwamba angekwenda, lakini kwa sharti moja: mimi niwepo, nisimame pale wanione uso wakati maneno yangu yanasemwa.

Nilimkumbusha desturi. Nilimkumbusha mimi, mlinzi wa taratibu, kwamba mtumaji habanduki kwake, na kwamba ndiyo heshima ya pande zote mbili.

"Desturi hiyo naijua sana," alisema. "Anayetuma anabaki nyuma. Basi safari hii atangulie."

Tulipanda asubuhi kwa gari la mpwa wake, sukari na kreti za soda zikigongana nyuma. Kutoka Usa River kwenda juu Sajini hakusema neno, hata la nyati. Mkono wake ulikuwa umeshika mpini wa mlango, kama mtu anayejiandaa kushuka kabla gari halijasimama. Maziwa ya Momela yalipoonekana, hakuyatazama.

Wazee walikuwa wameshapanga viti. Cha mshenga kiliwekwa mbele, na kitambaa juu yake. Cha baba wa kijana hakikuwapo, kwa kuwa hakuna aliyetegemea kichaa kama hicho. Nikasimama karibu na mlango, kando ya soda zangu.

"Shikamooni," nikasema kwa walionizidi umri, wakaitikia marahaba kwa mashaka.

Mjomba wa binti alinitazama tangu viatu hadi tai. "Na huyu mzee ni nani? Dereva?"

"Huyu ndiye mwenye maneno," Sajini akajibu. "Mimi ni miguu yake tu."

Walicheka, na kicheko kikatusaidia. Sajini akaanza. Sijawahi kusikia posa ikisemwa vile. Alisema tumeona nini, tunaomba nini, kijana ana kazi gani na ana kasoro gani, pamoja na uvivu wake wa kuamka, jambo ambalo sikumtuma. Hakuongeza nyama. Kila alipomaliza jambo moja alinitazama, nami nikaitikia kwa kichwa ili waone. Nilianza kuamini kwamba tumevuka.

Ndipo bibi wa binti, aliyekuwa kimya ndani ya blanketi lake, akaongea. Alianza kwa Kimeru, kisha akahamia Kiswahili kwa ajili yangu.

"Nyinyi wa Njiro mna kuta ndefu. Mtoto wetu akilia ndani ya ukuta, nani atasikia? Na siku mkimchoka, mtakuja kutuambia, au tutasikia kwa watu?"

Nilisogea nikainama sikioni mwa Sajini. "Mwambie hatutamchoka."

Hakugeuka. Mjomba akakohoa. Bibi alikuwa anamtazama yeye, usoni, akingoja.

"Sajini, mwambie. Hatutamchoka kamwe."

Alivuta pumzi ya mtu anayenyanyua kitu kizito, kisha akakiacha chini. Akanigeukia, na sauti yake haikuwa ya hasira.

"Hilo nisamehe, Bwana Itifaki. Hilo ni lako. Liseme."

Mimi nilikuwa nimesimama tayari. Sentensi inayofaa niliijua. Nimewaandikia wakubwa wengi: tunapenda kuwahakikishia. Ilikuwa imeshafika kwenye ulimi. Lakini yule bibi sasa alikuwa ameyahamishia macho yake kwangu, na ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi kwamba sentensi ile na mimi tulitazamwa pamoja. Haikutoka.

"Bibi," nikasema, "kama hatutachoka, mimi sijui. Watu huchoka. Lakini tukimchoka, nitakuja mimi mwenyewe, mchana, kwa mlango huu, nikuambie usoni. Na akilia nitasikia, maana watakaa kwenye kiwanja changu, na mimi sina kazi tena ya kunitoa nyumbani."

Mjomba alimtazama bibi. Bibi alinitazama mimi kwa muda, kisha akajifunga blanketi upya.

"Huyu mzee hajui kuposa," akasema. "Mleteeni kiti."

Kiti kikaja kikipitishwa juu ya vichwa. Nilipogeuka kumtafuta Sajini, alikuwa amesogeza kiti chake nyuma akaegemea ukuta, mikono magotini, macho ameyafumba, kama askari aliyepokewa lindo.